Kuacha wiki moja siyo kupona: jinsi ya kuielewa tiba ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya mjini

Siku tisa tulimfungia mdogo wangu chumbani. Mimi na mama, funguo tunapokezana, maji na nguo safi zinapita dirishani, usiku tunamsikia anapiga ukuta anaita "dada nifungulie nakufa", na sisi tumekaza roho maana kila mtu mtaani alitwambia ndo dawa yenyewe, akimaliza wiki kapona. Siku ya kumi akatoka. Kaoga, kanyoa, kacheka, mama kalia kwa furaha. Siku ya tatu tangu atoke nikamkuta bafuni kaegemea mlango, midomo ya kijivu, anakoroma kwa mbaaali, yaani pumzi moja alafu kimya mpaka unasema basi tena. Alipona kwa sababu jirani yetu ni nesi na siku ile alikuwa nyumbani. Angekuwa zamu sijui.

Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba hakuzidisha chochote. Alirudia kipimo chake kilekile cha siku zote, ila mwili ulishakisahau. Mtu akitumia heroini kila siku mwili unazoea, akikaa siku chache bila kugusa ule uzoefu unashuka haraka, sasa kile kilichokuwa kinamtuliza tu jana leo kinamzimisha pumzi. Ndo maana siku hatari kuliko zote siyo ile anayolala kijiweni, ni ile anayotoka safi, iwe katoka chumbani kwenu, katoka jela, katoka hospitali au katoka kituo cha tiba. Kama huna muda wa kusoma mpaka mwisho, shika hilo.

Kwanza jua anatumia nini

Watu wanasema "anatumia madawa" kama vile ni kitu kimoja, alafu wanatoa ushauri mmoja kwa wote. Hapana. Kuacha pombe na kuacha unga, yaani heroini, ni vitu viwili tofauti kabisa, na cha kushangaza pombe, ile inayouzwa halali kila kona, ndo inayoweza kuua mtu akiiacha ghafla.

Mlevi wa muda mrefu, anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, usimfungie. Narudia, usimfungie. Akikata ghafla, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa 6 mpaka 24, jasho, moyo unakimbia, ndani ya saa 48 anaweza kupata degedege, na siku ya pili au ya tatu wengine wanachanganyikiwa kabisa, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu ambao hawapo, joto juu. Hiyo hali isipotibiwa inaua. Hospitali wanampa dawa za kutuliza jamii ya diazepamu na wanazipunguza taratibu siku hadi siku, na wanampa vitamini B1, thiamini, maana pombe inaimaliza mwilini na ikikosekana ubongo unaharibika, kumbukumbu haziji tena. Kama ameshawahi kupata degedege akiacha pombe huko nyuma, basi safari hii anaachia hospitali, siyo nyumbani, usibishane. Na kama mko nyumbani na hospitali bado hamjafika, bora aendelee na kiasi kidogo mpaka aonwe na daktari kuliko kumnyang'anya chupa yote kwa hasira. Najua inauma kusikia hivyo.

Vidonge vya usingizi na vya wasiwasi vya jamii hiyohiyo ya diazepamu navyo ni hivyohivyo, vinapunguzwa kidogokidogo kwa wiki au miezi, havikatwi.

Heroini sasa. Arosto, yaani yale maumivu ya mwili kukosa unga, inaanza saa 8 mpaka 12 baada ya mara ya mwisho, kilele ni siku ya pili na ya tatu, alafu inashuka, kwa wengi wiki moja makali yameisha. Mafua, machozi, miayo, mifupa inauma, kuhara, kutapika, miguu haitulii, usingizi hakuna. Ni mateso ya kweli ila yenyewe kama yenyewe ni nadra kuua, hatari yake ni kukaukiwa maji na hiyo niliyoisema juu, ya kurudi na kipimo cha zamani. Isipokuwa mjamzito. Mjamzito anayetumia heroini asiachishwe ghafla, mimba inaweza kuharibika au mtoto kuja kabla ya wakati, yeye anaanzishiwa methadoni au buprenofini, dawa za hospitali zinazoshika nafasi ya heroini, na analea mimba akiwa nayo.

Kokeini na meth, zile za kuchangamsha, hazina arosto ya kutapika. Mtu analala siku mbili tatu kama gogo, anaamka ana njaa, alafu inakuja huzuni nzito, anaona maisha hayana ladha. Hapo ndo pa kumwangalia sana maana wengine wanafikiria kujiua. Dawa maalum iliyothibitishwa ya kuacha hizi mpaka leo hakuna, tiba yake ni mazungumzo na utaratibu. Bhangi, hasira na kukosa usingizi wiki mbili hivi, inapita.

Na wengi wa mjini wanachanganya. Muulize vyote, bila kufoka, na umwambie kwanini unauliza. Mdogo wangu alikuwa anatuambia ni unga tu, kumbe kila usiku anameza na vidonge, na mchanganyiko wa unga na vidonge au unga na pombe ndo unaozimisha watu pumzi mara nyingi zaidi.

Ni uraibu au ni starehe tu?

Kwa pombe kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani, linaitwa AUDIT, maswali 10, kila swali mwisho alama 4. Akifika 8 kuna tatizo linaanza, 20 na kuendelea muone daktari tu moja kwa moja. Kwa dawa zote kwa ujumla madaktari wana dalili 11 wanazoziangalia kwa miezi 12 iliyopita: anatumia zaidi ya alivyopanga, amejaribu kupunguza kashindwa, hamu inamkaba, kazi na shule vimeyumba, anaendelea ingawa anajua kinamuumiza, na kadhalika. Mbili zinatosha kuitwa tatizo, sita na kuendelea ni kali. Wala haitaji kuwa amelala barabarani. Kuna watu wana tai na gari na wana dalili tisa.

Tiba yenyewe ina vipande, siyo kitu kimoja

Hapa ndo familia nyingi tunapopotea. Ile wiki ya kutoa sumu mwilini ni mlango tu. Mtu akiishia pale ni kama umemtoa mgonjwa kwenye gari la wagonjwa ukamuacha getini. Kinachofuata ndo tiba, na wataalamu wanasema chini ya siku 90 mara nyingi haitoshi kubadilisha kitu, na kwa methadoni wanahesabu kuanzia mwaka. Ubongo unachukua miezi mingi kurudi kufurahia vitu vya kawaida, kwahiyo ukimuona mwezi wa tatu amekaa tu hana hamu na chochote usiseme anaringa.

Mjini kwa kawaida utakuta kliniki ya kwenda na kurudi, wadi ya kulazwa, soba hausi ambapo watu wanaishi pamoja miezi kadhaa kwa sheria zao, kliniki ya methadoni, na vikundi vya waliokwishaacha. Hivi havishindani. Mtu anaweza kulazwa wiki mbili, akaenda soba miezi minne, akarudi nyumbani anahudhuria kikundi mara tatu kwa wiki. Mwingine hajawahi kulala popote, anaamka anaenda kunywa methadoni yake anaenda kazini.

Methadoni niiongelee kidogo maana maneno ni mengi. "Umemtoa kwenye unga umemuingiza kwenye unga mwingine", hayo nimeambiwa mpaka na mjomba wangu mbele za watu. Sikiliza. Ni dawa, wameanza kuitumia hivi New York miaka ya 1960, daktari Vincent Dole na daktari Marie Nyswander, na toka 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka yenyewe na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwahiyo mtu hapandi hashuki, hana arosto, halewi kama kipimo kimekaa sawa, na vifo vinapungua sana kwa waliomo ukilinganisha na wasiomo. Wanaanza na kidogo, kawaida miligramu 30 au chini yake, wanapandisha polepole kwa wiki kadhaa. Wiki mbili za kwanza ni za kuwa makini, dawa inajikusanya mwilini, akiongeza na unga au vidonge juu yake anaweza asiamke. Kwahiyo akikwambia siku ya nne "dada hii dawa hainishiki", mwambie asubiri na amwambie nesi, asijiongeze mtaani.

Inavyokuwa pale dirishani: anatoa kadi, nesi anapima, anampa kikombe kidogo, anakunywa palepale, anakunywa maji juu, alafu nesi anamwambia "haya sema kitu". Mdogo wangu siku ya kwanza alidhani anasalimiwa. Kumbe ni kuhakikisha kameza, maana wengine wanaificha mdomoni wakaiuze nje. Sasa hivi anasema jina la timu yake kila asubuhi na nesi anamjibu ya kwake.

Buprenofini ni ya kuweka chini ya ulimi, lazima asubiri arosto ianze ndo aipate, akiwahi inamletea arosto ya ghafla mbaya mno. Naltreksoni inaziba kabisa, unga haufanyi kazi, ila lazima awe ameshakaa siku 7 mpaka 10 bila kitu. Naltreksoni hiyohiyo inapunguza hamu ya pombe, na ipo nyingine inaitwa akamprosati kwa walioacha tayari.

Alafu disulfiramu, ile ya kumfanya mtu aumwe akinywa pombe. Kuna wake na mama wanamwekea mtu kwenye kinywaji kisirisiri. Tafadhali usifanye. Akinywa bila kujua moyo unaweza kumfeli, siyo kutapika tu. Inamezwa na mtu anayejua anameza nini.

Upande wa maneno kuna ushauri wa mtu mmoja mmoja, wa kumsaidia agundue nini kinamvuta na afanye nini dakika ile hamu inapokuja, na kwa watu wa kokeini na meth kuna utaratibu wa zawadi, ukipimwa mkojo ukiwa safi unapata kitu kidogo. Watu wanacheka ila kwa hizo dawa ndo njia yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine. Vikundi vya waliokwishaacha, wale wa pombe walianza 1935 Akron, Marekani, na wale wa dawa za kulevya 1953 California, wanafuata hatua 12 za kuacha, bure, huandikishi jina lako kamili. Kuna watu wameokolewa na vile vikundi na kuna watu vimewakataa, mdogo wangu cha kwanza hakukipenda kabisa, cha pili mtaa mwingine hakosi. Jaribu viwili vitatu kabla hujasema havifai.

Kabla hujamwacha kwenye kituo, uliza

Nenda mwenyewe, mchana, usimpeleke kwa kuambiwa. Uliza daktari anakuja lini na nani yupo usiku. Uliza mtu akipata degedege saa nane za usiku wanafanyaje, na usikilize jibu linavyokuja, haraka au kwa kujikunakuna. Uliza kama wanakubali mtu mwenye methadoni au mwenye dawa za akili aendelee nazo, maana kituo kinachomlazimisha atupe dawa za hospitali siku ya kwanza mimi simwachi ndugu yangu hapo. Uliza kama wanapima kifua kikuu, virusi vya ukimwi na homa ya ini, hasa kwa aliyekuwa anajidunga. Uliza akimaliza nani anamfuatilia. Hili la mwisho wengi hawana jibu, na ndo swali kubwa kuliko yote.

Ukiona minyororo, ukisikia viboko, ukiambiwa familia haruhusiwi kuongea naye miezi miwili, ukiambiwa "sisi hapa wanapona wote", geuka. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kufungia watu kwa lazima vifungwe. Sisi kwanza tulimpeleka sehemu wakamnyoa, wakamwagia maji ya baridi alfajiri, wakatwambia ana kiburi. Karuka ukuta wiki ya pili. Na kweli alikuwa na kiburi, lakini kiburi hakitibiwi kwa maji ya baridi.

Mji wenyewe ni sehemu ya ugonjwa, na sehemu ya dawa

Uzuri wa mjini, huduma zipo karibu na hakuna anayekujua. Ubaya wake ni huohuo. Pusha yupo karibu, na hakuna anayekujua.

Tulichofanya, nilimpa karatasi na kalamu nikamwambia chora siku yako nzima, unapita wapi. Akachora nyumba, kituo cha basi, kliniki, kazini. Alafu nikamwambia weka alama ya msalaba kila sehemu uliyowahi kununua. Akaweka misalaba sita, mmoja uko nje ya geti la kliniki yenyewe, maana wauzaji nao wanajua wateja wako wapi saa mbili asubuhi. Nilikaa kimya nikaangalia ile karatasi. Sisi tulikuwa tunamwambia "kuwa na msimamo" kila akitoka, kumbe tunamtuma apite dukani mara sita kwa siku.

Basi tukabadilisha njia. Anashuka kituo kimoja mbele anarudi kwa miguu kwa barabara ya nyuma, dakika kumi na mbili zaidi. Mwezi wa kwanza nilienda naye. Laini ya simu mpya, namba anazo za watu saba. Mshahara ukaanza kupitia kwangu kwa makubaliano yake mwenyewe, siyo kwa kumnyang'anya, tumeandika, kila mwezi tunaangalia upya, maana pesa nzima mkononi Ijumaa jioni ni mtihani hata kwa mzima. Na saa za jioni, kati ya saa kumi na moja na saa mbili, ndo zake mbaya, kwahiyo zile saa zina ratiba: mpira, kikundi, au ananisaidia kubeba mizigo. Kila mtu ana saa zake, muulize.

Akirudia

Jiandae, maana wengi wanarudia, takwimu za Marekani zinasema kama asilimia 40 mpaka 60, haitofautiani sana na watu wa presha na pumu wanaoacha masharti yao. Hatumfukuzi mtu wa presha akila chumvi. Mwambie mapema kabisa, akiwa mzima: ukiteleza niambie siku hiyohiyo, sitapiga kelele. Alafu usipige kelele kweli. Na mwambie wazi, hata kama linakukaa vibaya mdomoni, kwamba ikitokea asitumie peke yake nyuma ya mlango uliofungwa na asitumie kile kipimo cha zamani. Kuna watakaosema unamruhusu. Acha waseme.

Ukimkuta amezimika: muite kwa nguvu, sugua katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi, angalia kifua kinapanda au hapana. Piga simu ya dharura au tuma mtu. Kama una naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezimishwa na unga, ya puani au ya sindano, mpe sasa hivi, inachukua kama dakika mbili tatu, hajaamka mpe nyingine. Kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi, kichwa umekiinamisha nyuma, pua umeibana. Akianza kupumua mlaze kwa ubavu. Usimmwagie maji, usimnyweshe kitu chochote, usimtembeze. Na akiamka usimwache aondoke, naloksoni inaisha nguvu baada ya nusu saa mpaka saa moja na nusu, na unga bado umo mwilini, anaweza kuzima tena. Ataamka na hasira na arosto, vumilia matusi.

Na wewe unayemhudumia

Lala. Tafuta kikundi cha familia, vipo, mama yangu alienda akirudi kanyamaza siku mbili alafu akaacha kumwita mwanae teja. Deni la kijiweni usilipe kimyakimya kila mara, lakini nauli ya kliniki usimnyime hata mkiwa mmegombana, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Mwaka na miezi saba sasa. Aliteleza mara mbili, zote aliniambia. Jana kapiga simu yuko kwenye basi, hana shida yoyote, anauliza tu kama ile dawa ya puani bado iko kwenye mkoba wangu na imeisha muda lini. Nikaitoa nikaisoma, nikamwambia mwezi wa kumi. Akasema "basi tutabadilisha wa tisa dada", akakata.